Vitabu Vinavyobeba

Jumanne baada ya sala ya adhuhuri, Bi Mwaija alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake, mtaa wa nyuma ya soko la Bagamoyo, akibandika jalada la riwaya kwa uji wa muhogo, Shufaa alipokuja kurudisha kitabu.

"Shikamoo, Bi Mwaija."

"Marahaba, mwanangu. Umekimaliza?"

"Nimekimaliza. Ila kimeumia kidogo."

Bi Mwaija alikifungua. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa umevimba na kuiva rangi ya zambarau, na alipougusa ulikuwa wa moto. Kurasa tatu mbele kulikuwa na damu mbichi, imeingia katikati ya mazungumzo ya bibi harusi na mama mkwe wake. Mgongo wa kitabu ulikuwa umeteguka. Akamtazama Shufaa usoni. Uso ulikuwa safi, macho yana wanja, hakuna hata mkwaruzo.

"Lini?"

"Jumamosi. Mume wangu alishika spana. Nilikuwa nasoma, sikuwahi kukiweka chini."

"Basi tumshukuru Mungu," akasema Bi Mwaija, akaingia ndani kuleta pamba na maji ya chumvi.

Kwa miaka ishirini na miwili, tangu alipoacha kazi ya maktaba ya shule, alikuwa anaazimisha riwaya za mapenzi. Hakumwachia mtu ajichagulie. Alimkalisha kwanza kwenye mkeka, akamuuliza anapenda mapenzi ya namna gani. Wapo waliotaka maadui wanaotukanana sura ya kwanza na kuoana sura ya mwisho. Wapo waliopenda ndoa ya kulazimishwa inayogeuka tamu, au mchumba wa utotoni anayerudi kutoka Maskati na mvi mbili kichwani. Jirani mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, hakusoma kitu isipokuwa wapenzi waliokwama na mvua kwenye nyumba ya wageni yenye kitanda kimoja.

Shufaa, tangu yuko kidato cha tatu, alipenda namna moja tu: mume mkali anayelainika. Mwanamume haongei, hacheki, mkono wake mzito. Mke anavumilia. Mwishoni mume anapiga magoti na kulia. Cha kwanza alipewa na Bi Mwaija mwenyewe. Msabaha, fundi wa mashine za boti, alipokuja kuposa, mtu wa maneno machache na paji lililokunjamana, Shufaa alikimbia mpaka barazani kusema kwamba amemtambua. Miaka saba ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na Msabaha alikuwa bado yuko sura ya kwanza.

Habari za kile kitabu zilienea kama zinavyoenea habari nyingine, kwenye foleni ya maji na kwa msusi. Kufikia mwisho wa mwezi wanawake wa mitaa minne walikuwa wanakuja. Bi Mwaija alijifunza kwa kukosea. Vitabu vya maadui havikubeba kipigo hata kidogo. Adija, mshona mikeka, aliondoka na kimoja akarudi na jino lake kwenye kiganja. Vilivyobeba ni vile vya wake wanaovumilia, kwa kuwa wanawake wa humo ndani walishazoea. Alikuwa navyo thelathini na kimoja. Kinene kilibeba zaidi ya chembamba. Akaacha kuwauliza watu wanapenda nini, akawa anauliza wanapigwa na nini. Mkanda, aliwapa kurasa mia mbili. Mchi, mia tatu na zaidi.

Baraza ikawa na harufu ya spiriti. Vitabu vilivyopasuka alivishona, vilivyovunjika mgongo alivifunga vijiti. Vinne havikupona. Akavizika nyuma ya jiko.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwinyimvua, alikuja kumpa mkono. Miezi miwili hakuna mwanamke aliyefika ofisini kwake na jicho limevimba.

"Mtaa umetulia, Bi Mwaija. Umetusaidia sana."

Mtaa haukuwa umetulia. Bi Mwaija alikuwa na masikio. Zamani mwanamume aliona damu akaacha, au aliacha kwa kufikiria watu watasema nini kesho. Sasa uso ulibaki safi, na hakuna aliyeona sababu ya kuacha.

Alhamisi moja Msabaha alikuja mwenyewe. Alivua kandambili chini ya baraza, akanawa mikono yenye petroli kwenye ndoo, akaamkia kwa adabu zote.

"Bi Mwaija, nimekuja kwa ajili ya mwenzangu. Hiki ulichompa ni chembamba. Kimeisha siku moja."

Akakiweka mezani. Hakikuwa tena kitabu. Ilikuwa nyama ya karatasi, na herufi zimemwagika pembeni kama mchanga.

"Msabaha, mwanangu. Kwa nini unampiga?"

Msabaha alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu.

"Akiona naingia, anakunja uso," akasema. "Naomba kinene, tafadhali. Sitaki aumie."

Bi Mwaija alimwambia atamtuma Shufaa mwenyewe.

Shufaa alipokuja, Bi Mwaija alimpa kitabu chembamba ambacho hakikuwa kimeazimwa na mtu kwa miaka mingi. Kilikuwa na kurasa tisini.

"Kinahusu nini?"

"Mwanamke anaondoka. Anachemsha chai ya mwisho, anachukua begi, anaondoka."

"Mume anamfuata?"

"Hamfuati."

"Halafu anakutana na nani?"

"Hakutani na mtu. Anapika kwenye mgahawa Lugoba, malori yanasimama, watu wanasifia chapati zake."

Shufaa alicheka. "Hayo mapenzi yako wapi, Bi Mwaija?"

"Kisome mchana, akiwa kazini. Na unisikilize: hiki hakibebi. Ukikimaliza, uwe umeshafunga begi."

Shufaa alikisoma mchana mmoja. Kesho yake asubuhi alichemsha chai, akachukua begi, akaenda Miono kwa kaka yake Ibrahimu. Ibrahimu alimpokea vizuri, akamchinjia kuku, akamsikiliza mpaka mwisho. Siku ya tatu alimrudisha Bagamoyo kwa mume wake, pamoja na kikapu cha mihogo na jogoo wawili, ili shemeji asijisikie vibaya.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Bi Mwaija alikuwa anachambua mchele aliposikia sauti ya kwanza kutoka nyumba ya pili, kavu, kama dafu linalopasuliwa. Sauti ya pili ilikuwa ya Shufaa, na haikuwa neno. Bi Mwaija aliuacha ungo, akavuta rafuni kitabu kinene kuliko vyote, kurasa mia tano na sita, akakatiza kichochoro miguu mitupu.

Uani Shufaa alikuwa amelala kando ya mashine iliyofunguliwa. Taya lake lilikuwa limehamia upande wa kushoto. Mkono wa kulia ulishika kile kitabu chembamba, na kitabu kilikuwa safi kama kilivyotoka kiwandani. Msabaha alisimama juu yake na spana, hafoki, hatukani, amekaza midomo kama anayefungua nati iliyoshika kutu. Jogoo wa Miono walikuwa bado wamefungwa miguu mlangoni.

Bi Mwaija hakupiga kelele. Alipita katikati yao, akachuchumaa, akakunjua vidole vya Shufaa kimoja kimoja, akakitoa kile chembamba, akamlaza kile kinene kifuani na kumkunjia mikono juu yake. Spana iliyofuata ilishuka kwenye mtulinga wa Shufaa, na kilicholia ni kitabu. Teke lilipiga mbavu, na kurasa themanini zikapasuka kwa mkupuo. Damu ikatoka sura ya nne, ikapita sura ya tano, ikachuruzika kwenye kanga ya Shufaa na magotini kwa Bi Mwaija. Mapigo yalikuwa kumi na moja. Katika la tisa mwanamke wa ndani ya kitabu, aliyevumilia tangu kilipochapwa, aliita jina la mama yake.

Bi Mwaija alihisi aibu, na aibu yenyewe ilikuwa kwamba mikono yake ilijua vizuri sana namna ya kumlaza mtu ili apigwe.

Msabaha alichoka. Akafuta spana kwa kitambaa.

"Ahsante, Bi Mwaija," akasema, anahema. "Umewahi."

Kituoni askari wa zamu aliwapa PF3 ya kwenda nayo hospitali, kisha akauliza kama mgonjwa hakuwa na kitabu.

"Alikuwa nacho," akasema Bi Mwaija. "Kisichobeba."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

Askari akaandika jina la Bi Mwaija, jina la baba yake na mtaa anaokaa. Hakuandika jina lingine. Hospitalini wakamfunga Shufaa taya kwa waya.

Suluhu ilifanyika kwa Mzee Mwinyimvua, Ibrahimu akiwapo. Msabaha alishika msahafu, akaapa. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akapiga magoti mbele ya mkewe akalia machozi mengi, mabega yanatikisika, na wanawake waliokaa karibu na mlango wakavuta pumzi wote pamoja, kwa sababu hiyo ndiyo sura ya mwisho, na waliijua kwa moyo. Shufaa alimtazama. Waya haukumruhusu kusema kitu. Bi Mwaija aliona macho yake yanalainika, akaangalia pembeni.

Sura ya mwisho ilidumu siku tisa.

Wiki ya saba Shufaa alikuja barazani. Taya lilikuwa limeunga kidogo upande, na maneno yalitoka yamelala. Aliweka kile kitabu chembamba mezani.

"Nimekisoma mara tatu," akasema. "Kizuri, Bi Mwaija. Ile sehemu ya chapati."

"Nikupe kingine cha namna hiyo?"

Shufaa aliangalia kichochoro, upande wa nyumba yake.

"Kesho timu yake inacheza," akasema. "Nipe kinene."

Bi Mwaija akainama mpaka rafu ya chini, akatoa chenye kurasa mia nne na kumi na mbili. Kilikuwa kinatetemeka. Akakishika kwa mikono miwili, akakibana kifuani mpaka kikatulia, ndipo akampa.