Bakuli la Sita

Niliota usiku wa jana kwamba barabara ya mbio imekuja nyumbani kushtaki. Ilikuwa imejikunja kama mkeka, imeegemea mlango, inanuka nyasi mbichi na chokaa. Nikaikaribisha ndani, maana nimelelewa hivyo.

Kabla sijafika mbali nieleze, msije mkapotea. Mimi ni katibu wa kamati ya tamasha la magari ya zamani hapa Kwambuye. Kwambuye ni shamba la mkonge, na enzi hizo barabara zake za ndani zilikuwa uwanja wa mbio za magari, mzunguko mmoja kilomita nne na ushei. Mbio za mwisho zilikuwa mwaka 1971. Jumamosi hii tunaufufua uwanja. Tumefyeka, tumepaka chokaa, tumealika magari ya zamani toka kila upande, na bado mambo hayajakaa sawa kwa sababu ya wazee wawili wakaidi.

Mkaidi wa kwanza ni baba yangu, Mzee Semkiwa. Yeye ndiye aliyeshika bendera ya kumalizia siku ile, ile ya drafti, nyeusi kwa nyeupe. Magari yakiwa kwenye mzunguko wa mwisho, king'ora cha shamba kikalia saa sita. Sasa, baba alikuwa mfanyakazi wa shamba. King'ora kikilia, ulichoshika unaweka chini, unakwenda kula. Baba akakunja bendera, akaenda kula. Si yeye peke yake, uwanja mzima ulikwenda kula.

Mkaidi wa pili ni Mzee Amiri Shekiondo, wakati ule kijana dereva wa lori la mkonge, rafiki wa baba wa kufa na kuzikana. Ndiye aliyekuwa akiongoza. Anasema alipita mstarini wa kwanza, hakukuta mtu, akaendelea kuzunguka, mafuta yakamwishia kwenye kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Mgeni mmoja wa Nairobi aliyekuwa nyuma yake alizunguka tu na njaa yake hadi saa saba, watu wakarudi, baba akampungia bendera yeye. Kombe likaenda Nairobi.

Hawajasemeshana tangu siku hiyo. Baba haikanyagi ile barabara. Akienda sokoni anapitia relini, na miguu yenyewe ndiyo hiyo. Shekiondo alihamia Muheza na gari lake, na ndilo pekee lililobaki kati ya yale ya mwaka ule. Mwezi uliopita katuandikia: atalileta iwapo Semkiwa ndiye atakayeshika bendera, vinginevyo tumsahau. Baba kasema huyo anataka kumwaibisha mbele za watu, haendi ng'o. Bila baba hakuna gari, na bila gari tuna chokaa tu.

Basi. Barabara ikaketi kwenye kochi, ikamwaga kokoto juu ya vitambaa. Nikainywesha maji kwa bakuli la marehemu mama, mojawapo ya yale ya bati meupe yenye ua la bluu chini. Yalikuwa sita, sasa ni matano. La sita mama alikuwa akimpakulia Shekiondo chakula cha mchana kila siku, kwa kuwa alikuwa kapera. Siku ya mbio lilitoka nyumbani na halikurudi. Mama amelitafuta mpaka anakufa.

"Mwanaidi," barabara ikasema, "mnaniandalia mbio mpya. Zile za zamani mmezipeleka wapi?"

"Ziliisha."

"Hazijaisha. Kanuni ya tisa: mbio haziishi mpaka kila aliyetoka amerudi. Kuna mmoja hajarudi. Na mimi sibebi mbio mbili mgongoni."

"Nani hajarudi?"

"Mimi ni barabara. Napitwa, siulizi majina."

Ikajikunjua pale pale sebuleni, ikapita katikati ya kabati na televisheni. Kuinua macho, nimesimama kwenye mstari wa kuanzia, jua la mchana, mkonge pande zote. Kochi letu limo kwenye foleni ya magari. Limepewa namba kumi na nne.

Mbele ya foleni kuna mkaguzi. Mkaguzi ni jeki, amevaa tai. Kanuni ya tamasha letu inasema kila gari liwe na vitu vyake vya asili. Niliiandika mwenyewe kwa mkono wangu. Jeki ameishika hiyo karatasi na haruki hata nukta.

"Vumbi hili la lini?" anakiuliza kigari kidogo cha bluu.

"La Jumanne," kigari kinajibu.

"Kalete la mwaka sabini na moja."

Kigari kinageuza, kinaondoka bila ubishi. Lori linaambiwa kifaa chake cha kumshtua dereva anayesinzia si cha asili, lisinzie kwa njia ya zamani. Linasinzia papo hapo, na foleni inalizunguka. Zamu yangu inafika. Nasema mimi si gari, mimi ni katibu. Jeki anaingia chini ya kisigino changu, ananinyanyua taratibu mpaka naona ncha za mkonge kwa juu.

"Meno?"

"Yangu, kasoro mawili."

"Magoti?"

"Ya asili, ndiyo maana yanauma."

"Hasira?"

"Ya baba."

"Hiyo ya asili kabisa. Pita. Huyo unayemtafuta, kamuulizie kwa anayehesabu watu."

Pale Kwambuye, aliyekuwa akihesabu watu ni king'ora. Nikakikuta juu ya paa la kiwanda kinasokota kamba. Kilinisemesha kwa kunong'ona, kikaniomba radhi kwamba sauti ya kawaida hakina, kina hiyo na ile nyingine.

"Siku ile nililia saa sita, wakaenda kula mia nne na kumi na tatu," kikanong'ona. "Nikalia saa saba, wakarudi mia nne na kumi na mbili. Tangu hapo sijalala."

"Aliyebaki ni baba yangu," nikasema. "Sema tu, nimezoea."

"Baba yako alirudi saa saba kasoro dakika tatu. Tena hakula. Alifika mlangoni, akaitazama sahani, akakumbuka bendera iko kwapani mwake. Akageuka mbio. Alipofika mstarini midomo mikavu, akamkuta yule mgeni tu."

Hilo sikuwa nimewahi kuambiwa. Miaka yote naishi naye, nampikia, nampigia kelele avae sweta, na hajawahi kusema kwamba hakula. Roho iliniuma, hata ndotoni.

"Basi ni nani bado anakula?"

"Sioni, kuna kona. Fuata harufu."

Nikafuata harufu. Ilikuwa harufu ya bada, ugali wa muhogo, na samaki wa kukaanga, ilikuwa imechorwa chini kwa chokaa, mstari ulionyooka. Nikatembea nayo mpaka kona ya kalavati, mita mia tatu kabla ya mstari wa kumalizia.

Pijo jeupe limesimama pembeni, injini inanguruma. Kando yake, juu ya kalavati, kaketi kijana wa miaka ishirini na saba, kofia ya mbio kichwani, anakula. Bakuli jeupe liko mapajani. Namjua kwa picha, ni Amiri Shekiondo.

Hapo nikakwama kwenye salamu. Yeye ni rafiki wa baba, ni sawa na baba yangu. Lakini mimi nina miaka hamsini na moja na yeye hajafika hata thelathini. Naona na yeye anawaza hilo hilo. Tukasema "Shikamoo" kwa pamoja. Gari likaitika "Marahaba," kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitika.

"Wewe mtoto wa Semkiwa," akasema. "Nakutambua kwa ndita za uso. Karibu chakula."

"Nimeshiba. Unakula tangu lini?"

"Tangu saa sita."

"Saa sita ya mwaka gani?"

Akamega tonge, akachovya, akala. Miiba ya samaki aliipanga pembeni mwa bakuli, mmoja mmoja, yote inatazama upande mmoja. Nikamuuliza kama si kweli kwamba mafuta yaliisha.

"Nani kakwambia yaliisha?" gari likadakia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevumilia mno. "Tangi lilikuwa nusu na zaidi. Mimi ndiye niliyesingiziwa. Nimepita magereji matatu naambiwa ninakunywa mafuta, ninakunywa mafuta. Hebu aseme yeye."

Shekiondo akatafuna mpaka mwisho, akameza.

"Nilikuwa naongoza," akasema. "Bakuli la shemeji nimeliweka kiti cha pembeni, limefungwa kitambaa. Baba yako aliniletea asubuhi, akasema ukimaliza ule. Nafika hapa kwenye kona, king'ora kinalia. Mguu wenyewe ukakanyaga breki, mwanangu. Sikuuamuru. Miaka sita napakia mkonge, king'ora kikilia naegesha nakula. Nikaegesha, nikala. Nimefika nusu, yule mgeni akapita. Nikasema potelea mbali, amalize mwenyewe, baba yako yuko mstarini atampungia. Sikujua na yeye kaenda kula."

"Kwa hiyo mstarini hukufika kabisa."

"Sikufika. Watu wanarudi saa saba wananikuta hapa. Ningesema nini? Kwamba dereva anayeongoza kasimama kula samaki? Nikasema nilipita, hakukuwa na bendera, mafuta yameisha. Nilidhani ni uongo wa siku moja. Baba yako akaubeba hata sikumwomba. Kesho yake nikaona haya kumtazama, na keshokutwa zaidi, halafu nikahamia Muheza."

Nilimkasirikia, sifichi. Nikamwambia mzee wa miaka themanini na mbili anapitia relini na fimbo kwa sababu ya tonge lake. Nikamwambia atasimama sasa hivi, ataingia kwenye gari, atakwenda mpaka mstarini.

"Nikimaliza kula. Kanuni ni kanuni. Lakini chakula hakiishi. Nafika chini, naona ua la bluu, kinajaa tena." Akamega tonge jingine. "Mwambie mamako samaki walikolea. Bakuli nitamrudishia kesho."

"Mama alifariki. Mwaka wa saba huu."

Mkono wake ukasimama hewani. Injini ya gari ikazima yenyewe.

"Bi Rukia?"

"Bi Rukia. Alikuwa akihesabu mabakuli kila Idi. Anafika matano, anaanza upya."

Akalirudisha lile tonge ndani ya bakuli. Akatazama chini, na mimi nikatazama. Chakula kilikuwa kinapungua chenyewe, polepole kama maji ya beseni lililotoboka, mpaka ua la bluu likatokea na likabaki hapo. Ikasalia ile miiba tu. Shekiondo akalifunga bakuli kwa kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Sikupiga nalo hata hatua kumi. Jeki katokea, tai yake imeelekea begani.

"Hicho ni nini?"

"Bakuli la mama yangu."

Akalinusa, akalipima, akasoma karatasi yangu mwanzo hadi mwisho. "Katika mzunguko mzima hiki ndicho kitu pekee kilicho cha asili," akasema. "Vumbi lake, miiba yake, fundo lake. Hakitoki uwanjani bila kibali cha katibu."

"Katibu ni mimi."

"Basi leta kibali kwa maandishi. Hapa uko usingizini, sahihi yako haina nguvu."

Akalisukuma ndani ya kalavati, ndani kabisa, akaweka jiwe mbele. Nikafungua kinywa nimpe maneno yake, na hapo king'ora kikalia ile sauti yake nyingine.

Ilikuwa simu. Saa moja kasorobo asubuhi. Anayepiga ni Mbelwa, msimamizi wa wafyekaji wetu.

"Samahani dada, nimekuamsha. Tunazibua kalavati la kona pale, kuna kitu kilikuwa ndani kimezibwa na jiwe. Bakuli la zamani. Lilikuwa na kitambaa, nimekigusa kikawa unga. Nilitupe?"

Nilikaa kitandani kwanza.

"Chini lina ua la bluu?"

"Umejuaje, dada? Lina ua, na lina miiba ya samaki, mtu kaipanga."

Nikamwambia alilete, asiiguse hiyo miiba, na wala asikimbize pikipiki. Alipolileta nikaliweka mezani mbele ya baba, karibu na chai yake. Sikusema lolote juu ya ndoto. Baba hapendi ndoto, anasema ni mambo ya watu wasio na kazi.

Alilitazama muda mrefu. Akauliza limetoka wapi, nikamwambia kwenye kalavati, limefichwa na jiwe. Akausogeza mwiba mmoja kwa kidole, akaurudisha kwenye mstari wake. Akageuza macho kuelekea dirishani, kule uliko mkonge, midomo inahesabu kitu.

"Alikula," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mimi sikula, Mwanaidi. Yeye alikula." Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikasimama nikidhani analia. Alikuwa anacheka, ila machozi nayo yalikuwepo. Akajifuta kwa kiganja, akasukuma chai pembeni, akanionyesha simu kwa kidevu.

"Mpigie. Mwambie Jumamosi nitashika bendera. Na mwambie samaki alete yeye, bakuli ninalo mimi."