Orodha ya Wapiga Kelele

Jumanne asubuhi mhifadhi alifuta ubao wa shule ya zamani kwa kitambaa kibichi mara ya nne, na mara ya nne maandishi yakarudi kabla maji hayajakauka. WAPIGA KELELE, kwa chaki nyeupe, mistari miwili chini yake. Namba moja lilikuwa jina la mdogo wake bibi yake, aliyekufa zamani. Namba mbili lilikuwa la fundi wa paa.

Jana yake fundi alikuwa ametukana, nyundo ilipompiga kidole gumba akiwa ndani ya darasa. Tangu hapo hakuwa na sauti. Leo alikuja kazini kama kawaida, akaomba misumari kwa ishara. Mkewe, aliyemletea chakula, aliutazama ubao, akarudi kinyumenyume hadi nje ya mlango ndipo akasema:

"Miaka kumi na sita sijamaliza sentensi mbele ya huyu bwana. Mwacheni kwanza."

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu: madawati kumi na mawili, kabati na ubao. Jumamosi ingefunguliwa kuwa jumba la kumbukumbu. Mhifadhi ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuoni, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza. Aliipenda, na sasa aliogopa hata kukohoa ndani yake. Mwenyekiti wa kamati hakuona tatizo. Wageni wasiopiga kelele, alisema, hawaharibu vitu.

Jioni mhifadhi alimuuliza bibi yake, ambaye aliishi naye, habari za orodha ile.

"Mwalimu alitupeleka kuchimba udongo wa matofali ya nyumba yake," bibi alisema, pasi mkononi, gauni mezani. "Shimo likamfukia mvulana mmoja. Mwalimu akarudi darasani, akaandika kwenye daftari la mahudhurio: mtoro. Mdogo wangu akasimama, akasema hakutoroka, yuko shimoni. Akaandikwa ubaoni. Hakusema neno tena mpaka tunamzika."

"Na wewe, bibi?"

"Mimi nilikaa naye dawati moja, nikafumba mdomo. Ndiyo maana leo unanisikia." Akageuza gauni upande wa pili. "Hili nitalivaa Jumamosi."

"Usije, bibi. Nakuomba."

"Mjukuu wangu, sauti hii nimekaa nayo miaka yote hiyo. Haijafanya kazi yoyote ya maana."

Jumamosi wageni walijaa kwenye madawati, midomo wameibana. Ukutani palikuwa na picha ya mwalimu, na chini yake kibao cha shaba: MLEZI WETU. Mhifadhi alipewa lile daftari la mahudhurio aite majina kama zamani, wageni waonje shule ya enzi hizo. Anayesoma yaliyokwisha kuandikwa hahesabiwi kuwa mpiga kelele. Hilo kamati ilikuwa imelijaribu.

Alipofika kwenye jina la yule mvulana, bibi akasimama.

"Hakutoroka. Yuko shimoni, nyuma ya darasa hili. Mwalimu ndiye aliyempeleka."

Chaki ikanyanyuka, ikaandika jina la bibi, namba tatu, kwa mwandiko mzuri. Bibi alifungua mdomo kuongeza neno. Halikutoka. Akaketi, akaweka mkoba mapajani. Mgeni mmoja akaupiga picha ubao.

"Endelea, binti," mwenyekiti alisema, akiwa nje, dirishani.

Mhifadhi akarudia lile jina.

"Nipo," ilijibu sauti ya mtoto kutoka nyuma ya ukuta, chini sana.

Wote waliisikia. Chaki haikumwandika, maana mtoro hayumo darasani, hawezi kupiga kelele humo. Ilishuka mstari mmoja, ikaandika namba nne, ikatulia hapo, ncha ikigusa ubao.

Bibi alimtazama mjukuu wake. Neno "yupo" lilikuwa tayari mdomoni mwa mhifadhi. Akainamisha macho kwenye daftari.

"Mtoro," akasoma, kisha akaita jina lililofuata.