Njia Iliyochanua

Siku hospitali ilipozindua njia ya wasioona, utepe ulikatwa, makofi yakapigwa, mgeni rasmi akapigwa picha akiwa ameinama kuvigusa vigae, na hakuna asiyeona hata mmoja aliyeulizwa kama njia inafaa. Wa karibu kabisa wa kuulizwa alikuwa ndani ya jengo hilohilo, kwenye chumba cha simu, akiwaunganisha wapigaji na wodi. Walimwita Redio. Jina hilo alipewa na marehemu mama yake, kwa sababu tangu utotoni akiamka ameamka na taarifa ya habari, na kumzima ilikuwa kazi.

Redio aliyasikia makofi kupitia dirishani, moyo ukamruka. Hakuwa mtu wa kupumbazwa na uzinduzi. Hospitali ile aliijua. Choo cha walemavu kilifungwa kwa kufuli, na ndani yake walihifadhi ndoo na mafagio, utadhani wenye ulemavu ni mafagio. Mteremko wa viti vya magurudumu ulikuwa mkali hivi kwamba mlinzi alijikuta ana kazi ya pili, ya kudaka wagonjwa. Lakini njia hii mpya Redio aliihitaji kama pumzi, na sababu yake ilikuwa nyumbani, imekaa kwenye kiti cha mama, ikingoja likizo iishe.

Sababu hiyo ni kaka yake.

Tangu aanze kazi, Redio alisindikizwa na mama kila asubuhi. Sehemu kubwa ya safari hakuhitaji mtu. Kutoka nyumbani hadi geti la hospitali kuna mtaro, na fimbo yake nyeupe ikishagusa ukingo wa mtaro anakwenda bila wasiwasi, anasalimia watu kwa nyayo zao. Tatizo lilikuwa uwanja wa hospitali. Ni mpana, hauna ukuta wa kufuata, magari yanaegeshwa leo huku na kesho kule, na pikipiki zinaingia na kutoka bila adabu. Ukifika katikati hujui mbele wala nyuma. Hapo mama alimshika mkono wakavuka. Kisha mama akafariki. Kaka akaja kutoka mji wa mbali kuzika, akabaki kuushika mkono ule yeye, na viatu vyake vipya alivyonunulia mazishi vikawa vinalia kwii kwii uwanjani kila asubuhi.

"Mdogo wangu, Jumamosi nasafiri," alimwambia jioni ya siku ya uzinduzi. "Na wewe tunaondoka wote. Wifi yako ameshakuandalia chumba kizuri. Utakula, utalala, utasikiliza redio."

"Redio isikilize redio?"

"Usinichekeshe. Naongea mambo ya maana."

Kaka hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Redio. Mtu mbaya unamgombeza, mambo yanakwisha. Huyu alikuwa anampenda kwa kumfunika, kama chakula kinavyofunikwa kisiingie nzi. Redio alijua kwamba akienda huko hatapokea simu ya mtu tena. Ataitwa chakula kikiwa tayari, ataambiwa mvua imenyesha, na siku zitakwisha hivyo.

"Sikiliza, kaka," alisema. "Kesho simama getini, usinishike. Nitafuata vigae mwenyewe mpaka mlangoni. Nikifika, Jumamosi unaondoka peke yako na moyo mweupe. Nisipofika, nafunga begi wala hutasikia neno."

"Nisisikie neno, kutoka kwako wewe?" kaka akauliza. Kisha akasema sawa, na ahadi ni deni.

Asubuhi yake mguu wa Redio ulikanyaga kigae cha kwanza pale getini, na uso wote ukamchangamka. Mistari iliyoinuka ilisomeka vizuri hata kupitia soli ya kiatu. Fimbo ikaingia katikati ya mistari, ikateleza mbele, naye akainua kidevu na kutembea. Nyuma yake viatu vya kaka vilikuwa kimya. Kaka alikuwa ametimiza ahadi.

Baada ya kitambo njia ikapinda kushoto. Redio akajisemea, wanakwepa magari, wamefanya jambo la maana. Ikapinda kulia. Ikapinda tena, safari hii kwa kona kali iliyomlazimu asimame na kujigeuza pale pale. Harufu ya sabuni kutoka kwa dobi wa hospitali ikamjia usoni, ikaondoka, halafu ikamrudia kisogoni. Akasikia watu waliokaa kwenye mabenchi wakinyamaza, na watu wakinyamaza ghafla huwa wanatazama kitu. Akaharakisha. Njia ikamgeuza tena na tena, mpaka mwishowe ikanyooka, naye akashukuru Mungu, akanyoosha mkono kutafuta mlango.

Mkono ukagusa shati la mtu.

"Tumefika," alisema kaka kwa sauti ndogo.

"Wapi?"

"Getini."

Mtu mmoja kwenye mabenchi alicheka, mlinzi akamkemea. Redio alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni hadi masikioni. Kisha aibu ikageuka hasira, na hasira yake ilikuwa na kipaza sauti.

"Nani ametandika hivi vigae?" aliuliza, wakasikia hadi maabara.

Aliyetandika alikuwa barazani anamalizia kona, akaja mbio huku akijifuta mikono, tena kwa furaha, maana alidhani ameitwa kusifiwa. Mji mzima ulimwita Fundi Maua. Kila nyumba aliyoweka vigae aliacha ua: sebuleni, bafuni, na mara moja hata juu ya mfuniko wa shimo la maji machafu. Mteja aliyependa alipata ua, na asiyependa naye alipata ua. Ndiyo iliyokuwa sahihi yake. Kwenye uwanja wa hospitali alipewa mchoro wenye mstari mmoja ulionyooka kutoka getini hadi mlangoni, akautazama, akauona mkavu. Uwanja wenyewe ulikuwa umepauka. Na vigae vile vya mistari, ambavyo yeye aliamini vimewekwa mistari ili watu wasiteleze mvua ikinyesha, vilikuwa vizuri mno kupotezwa kwenye mstari mmoja. Akaunyoosha pale mwanzo, kisha akachanua ua kubwa uwanja mzima. Mkuu wa utawala alilitazama kutoka dirisha la ghorofani, akapiga makofi peke yake.

"Dada, umelionaje ua langu?" aliuliza Fundi Maua.

"Nimeliona petali moja moja. Limenizungusha lote, likanirudisha nilikotoka."

Fundi akacheka kidogo, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Mlinzi akamweleza mistari ile ni ya nini. Fundi akauliza swali ambalo Redio aliulizwa maisha yake yote, na kila anayeliuliza hudhani yeye ndiye wa kwanza.

"Lakini dada yangu, si mtu akushike tu mkono?"

"Alikuwepo wa kunishika," Redio alisema. "Tumemzika."

Kaka alikohoa, akageukia upande wa barabara.

Mkuu wa utawala naye alikuwa ameshashuka kuona kelele ni za nini. Alikuwa mama mpole, mwenye kupenda utaratibu, na alimwita kila mtu mpenzi hata anapomnyima kitu. "Mpenzi, nimekuelewa kabisa," alisema. "Lakini hii njia imeshazinduliwa. Tukibomoa kitu kilichozinduliwa jana tu, mgeni rasmi tutamweka wapi? Tuvute subira mpaka bajeti ijayo. Subira huvuta heri."

"Heri yangu inapanda basi Jumamosi, mama."

Fundi Maua alikuwa bado amesimama pale. Redio alingoja aseme lolote, hata neno la kujitetea. Alisikia tu ndoo yake ikiinuliwa na nyayo zake zikienda zake. Nao mkono wa kaka ukaushika wake, ukamvusha uwanja, ukamfikisha kwenye kiti chake cha simu kwa upole ambao siku ile ulimchoma kuliko matusi.

Aliomba ruhusa ya siku zilizobaki, akafunga begi. Ahadi aliitimiza: hakusema neno. Nyumba ikawa kimya mpaka kaka mwenyewe akawasha redio kupunguza ukimya, kisha akaizima. Redio alikunja nguo, akakunja na kanga ya mama, akaketi juu ya begi na kulia waziwazi. Alimlilia mama, akaililia na ile sauti yake mwenyewe inayosema "Subiri, nakuunganisha," ambayo watu wa mji mzima waliijua na yeye alikuwa anakwenda kuizika chumbani kwa wifi. Kaka alimletea maji. Alisimama mlangoni na kikombe mkononi muda mrefu, bila kujua aingie au aondoke.

Jumamosi asubuhi walitoka na mabegi yao. Redio alitaka kwanza kupita hospitali kurudisha ufunguo wa chumba cha simu.

"Haraka basi," alisema kaka. "Gari litatuacha."

Getini mlinzi aliwapokea kama watu waliotoka vitani. "Redio! Afadhali umerudi. Huyo waliyemweka kwenye simu atatuua. Jana mtu ameulizia wodi ya wazazi, kaunganishwa na mochwari!"

"Sijarudi, ndugu yangu. Nimekuja kuaga."

"Aga, lakini aga kwa kutembea," mlinzi alisema, na sauti yake ilikuwa na kicheko kilichofichwa. "Jaribu. Kanyaga hapo."

Redio alitaka kukataa. Mtu aliyekwishachekwa hadharani hapendi kurudia. Lakini harufu ya saruji mbichi ilimfikia puani, na chini ya kiatu mistari ilikuwepo, mipya, safi, ikielekea mbele. Akaikabidhi fimbo njia, akaenda.

Mlinzi hakuweza kuvumilia, akaanza kumpasha kaka habari kwa sauti ambayo ilimfuata Redio uwanjani. Fundi Maua alikuwa amekuja jana asubuhi na nyundo yake, bila kumwambia mtu, akaanza kulivunja ua. Mama wa utawala akashuka mbio kumuuliza ana barua ya nani. Fundi akamwambia, "Barua andika wewe, mama, mimi najua kubomoa. Kosa ni langu na mikono ni yangu." Mama akapanda juu. Wote wakajua ameenda kupiga simu polisi. Aliposhuka tena alikuwa ameshika funguo, na gari lililoondolewa kwanza kwenye mstari lilikuwa lake.

Redio aliyasikia hayo nusunusu, maana alikuwa anasikiliza miguu yake. Alingoja kona ya kushoto. Haikuja. Harufu ya sabuni ya dobi ikamjia ubavuni, ikabaki nyuma, na haikurudi. Pikipiki moja ikaunguruma mbele yake, ikasimama, dereva akasema, "Pita, dada." Akapita. Hofu ilikuwepo, asiseme mtu kwamba haikuwepo, lakini ilikuwa inatembea pamoja naye, haikumshika miguu.

Kisha mistari ikakoma. Mahali pake fimbo ikagusa vinundu vya mviringo, vimekusanyika pamoja. Redio akasimama. Akapapasa kwa ncha ya kiatu: kinundu katikati, na vingine vimekizunguka. Akachuchumaa, akavigusa kwa vidole. Lilikuwa ua, dogo, linatosha kusimama mtu mmoja.

"Hilo moja nimeshindwa kuliacha," alisema Fundi Maua kutoka kwenye ngazi za baraza, kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa. "Nimewaza, njia ikifika mwisho lazima iseme imefika. Likikusumbua nalitoa sasa hivi, nyundo ninayo."

"Ukithubutu," alisema Redio, na machozi yakamtoka huku anacheka. Akanyoosha mkono. Mlango ulikuwa pale pale, na shaba ya kitasa ilikuwa baridi.

Ndani, simu ilikuwa inaita, na mtu fulani alikuwa anaikata ovyo, nayo inaita tena. Nyuma yake, uwanjani, viatu vilikuwa vinakuja kwii, kwii, taratibu, katikati ya mistari. Vilisimama karibu na ua. Redio alimsikia kaka yake akivuta kamasi, akitafuta la kusema asilipate, akiwa na begi kila mkono.

"Mdogo wangu," alisema hatimaye.

"Kaka, hilo begi langu lirudishe nyumbani, uliweke kitandani kwa mama," Redio alisema, na tayari alikuwa amefungua mlango, kwa sababu simu ilikuwa bado inaita. "Halafu kimbia. Basi litakuacha."