Saini ya Kasuku

Chuoni kwao kusainiana hakukuwa kosa, kulikuwa utu. Mwenzako kalala, unashika kalamu, unamsainia kwenye karatasi ya mahudhurio, maisha yanaendelea. Na Twiga, aliyepewa jina hilo kwa shingo yake ndefu, alikuwa fundi hasa. Saini ya Kasuku, mwenzake wa chumbani, aliipatia mpaka kile kimkia cha mwisho.

Kasuku naye aliitwa hivyo kwa mdomo usiotulia. Muhula huu mdomo ulinyamaza. Akawa analala kageukia ukuta, chai inapoa mezani. "Nimechoka tu, usijali," alisema. Twiga akamwamini, au tuseme alitaka kumwamini, maana mitihani ilikuwa inamkaba na yeye. Msaada aliouona ni kumsainia. Wiki tano nzima, jamani! Aliyekosa vipindi vitatu huitwa na mshauri wa wanafunzi. Kasuku hakuitwa, kwa kuwa kwenye karatasi hakukosa hata kimoja.

Jumatatu Kasuku alijaribu kujitoa uhai. Ashukuriwe Mungu, aliwahiwa.

Alhamisi mama yake alikuja kufungasha vitu. Alikunja nguo moja moja, bila haraka, Twiga akimpokea na kupanga kwenye sanduku.

"Wamenionyesha mahudhurio yake," alisema mama. "Hakukosa hata siku moja. Angalau hilo, mwanangu. Alikuwa anajitahidi."

Twiga alibaki na nguo mkononi. Angenyamaza, nani angejua? Mama wa watu alibaki na faraja hiyo moja tu, na ilikuwa ya uongo.

"Mama, nilisaini mimi," alisema. "Zote. Yeye alikuwa hapa kitandani."

Mama aliacha kukunja. Hakugomba, na laiti angegomba.

"Kumbe," alisema. "Jana ndiyo amefumbua mdomo. Kaniambia alikuwa anahesabu siku, aone nani atakuja kuuliza yuko wapi. Wiki tano, hakuja mtu. Nikamwambia, mwanangu, utakuwa uliota, mbona karatasi zinasema ulikuwa darasani."

Twiga aliketi kwenye godoro tupu akalia kwa kwikwi, mikono kaificha mapajani asiione. Mama alisimama dirishani kitambo, kamgeuzia mgongo. Kisha akaokota shuka la Kasuku, akamwekea ncha mbili mkononi.

"Shika huku tukunje," alisema. "Tukimaliza twende hospitali, ukamwambie mwenyewe."

Wakakunja. Twiga hakujua ataanzia wapi, lakini viatu alivaa.