Mpira Ulioombwa

Kwa misimu kumi na minane Peniasi Tuilawaki aliichezea timu ya mji wa kiwanda cha sukari, na kwa misimu yote hiyo Mwalimu Gounder, kocha wake, alimwona akirudia kosa lile lile: akishampiga beki chenga, husimama na kumsubiri ili ampige nyingine. Wakata miwa walimpenda kwa hilo. Akina mama wa kwaya ya Kimethodisti walijifunza kupiga mbinja kwa ajili yake, jambo ambalo mchungaji alilikemea bila mafanikio. Gounder, aliyefundisha hisabati na kuamini machache nje ya somo hilo, alikadiria kwamba kusubiri huko kuliinyima timu mabao arobaini na fainali tatu. Hata hivyo, hakuna Jumamosi aliyoacha kumpanga.

Sasa Peniasi alikuwa na miaka thelathini na saba na bandeji gotini. Fainali hii ya nne, dhidi ya timu ya visiwani, ilikuwa mechi yake ya mwisho, na kombe la mashindano hayo ndilo pekee ambalo hakuwahi kulishika. Dakika ya sabini, timu zikiwa hazijafungana, Gounder alimwingiza.

Beki aliyemkabili aliitwa Kitione, mtu mwenye kifua kama kabati, tena mtani wake. Vijiji vyao vilikuwa vya utani tangu enzi za mababu: mtani hakasiriki, na akiombwa kitu na mtani mwenzake, hutoa. Pasaka iliyopita Kitione alifika kwa Peniasi, akaomba nguruwe mnene kuliko wote, akaondoka naye. Mke wa Peniasi ndiye aliyemfungia kamba.

"Babu, umekuja kucheza au kuaga?" Kitione alimpokea. "Goti lako linalia kama mlango wa kanisa la kwenu."

"Kwetu angalau mlango upo. Kwenu mmetundika pazia."

"Haya, pita basi tukuone."

Peniasi alijaribu tobo. Miguu ya Kitione ikajifunga. Akajaribu kanzu, aupitishe mpira juu yake, Kitione akauondoa kwa kichwa. Mara ya tatu akaanguka peke yake, na jukwaa, ambalo halikuwahi kumnyamazia, likanyamaza. Gounder alimwambia mchezaji wa akiba avue trakisuti. Kisha, kwa sababu ambayo asingeweza kuithibitisha ubaoni, akamwambia aketi.

Dakika ya themanini na nane Kitione aliutuliza mpira pembeni, upande wa benchi la Gounder. Peniasi alimsogelea akichechemea, akasema kwa sauti ya mtu aliyeketi mkekani kwa wenyeji wake:

"Mtani, naomba huo."

Kitione alisita. Haikufika sekunde, ulikuwa muda wa mtu aliyelelewa vizuri. Mguu wake ukaondoka juu ya mpira. Peniasi akauchukua, akasema asante, akakata kuelekea ndani, akamzunguka kipa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumsubiri mtu. Bao.

Watu wa visiwani walimzingira refa. Refa akamwita Kitione.

"Amekudanganya kwamba yeye ni mwenzako?"

"Hapana, bwana."

"Amesema nini?"

"Ameomba."

"Nawe?"

"Ni mtani wangu, bwana. Ningemnyimaje?"

Refa, ambaye kijiji chake nacho kilikuwa na watani, alinyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja.

"Kitione!" nahodha wake alifoka. "Si ungempa na kipa kabisa!"

"Hakumwomba."

Filimbi ya mwisho ilipolia, Peniasi alilibeba kombe mpaka kwenye benchi. Alikuwa analia, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona hivyo, wenzake walidhani ni mzaha, wakamcheka.

"Mwalimu," alisema, "sema lolote."

Gounder alitafuta la kumkosoa, akalipata, akaliacha.