Kitufe cha Nguzo ya Pili

Taa za barabarani za Kitengela nilizibuni mimi, na nasema hivyo bila haya. Kuanzia mjini hadi Isinya, na Mungu akipenda hadi Kajiado, kila nguzo inawasiliana na mwenzake. Kamera ya hapa ikiona trela zimejazana, inaambia taa ya mbele, na taa ya mbele inaachilia magari mapema. Wiki ya kwanza foleni ya asubuhi ilipungua nusu, na mimi Nashipae, mhandisi mzima, nilicheza katikati ya chumba cha mitambo hadi fundi wangu Mutinda akaenda kufunga mlango kwa aibu.

Halafu ng'ombe wakaniumbua.

Ukishatoka mjini kuelekea Isinya kuna mahali ambapo Mzee Metito huvusha ng'ombe wake kila asubuhi kwenda malishoni, na jioni huwarudisha. Niliwawekea taa yao. Mchungaji wa mbele anabonyeza kitufe, magari yanasimama, kamera inahesabu ng'ombe, kompyuta inapiga hesabu ya sekunde watakazohitaji. Ofisini mpango huo ulipendeza ajabu. Jumatatu, barabarani, ng'ombe walikuja wamebanana ndani ya vumbi na kamera ikaona kumi na mmoja. Kompyuta ikatoa sekunde za kumi na mmoja. Taa iligeuka kijani kwa magari huku nusu ya kundi ikiwa bado katikati ya lami, mbele ya trela la saruji.

Dereva alikuwa macho na breki zilikuwa nzima. Hakuna aliyeumia. Lakini Madam Makena, mkaguzi kutoka Nairobi, alikuwa amesimama papo hapo na faili lake.

"Engineer, nitarudi Thursday," aliniambia. "Ikikataa tena, naweka vyuma hapa pande zote mbili. Ng'ombe zitafute njia ingine."

Njia nyingine ni daraja lililo mwendo wa saa mbili, na saa mbili kurudi. Kiangazi hiki, ng'ombe wa Mzee Metito wameonyesha mbavu zote. Safari hiyo ingewamaliza, na chanzo kingekuwa taa yangu.

Nikafanya nilichodhani ni busara. Kama kamera haijui kuhesabu, basi nitamuuliza mwenyewe, niiambie kompyuta idadi, mambo yaishe. Nilimkuta Mzee Metito kando ya barabara. Nilivua helmeti, nikainamisha kichwa, akanigusa utosini na kunisalimia kwa Kimaasai, kama binti yake.

"Takwenya, nakerai."

"Iko," niliitikia salamu. "Papa, uko na ng'ombe ngapi?"

Mkono wake uliondoka kichwani mwangu kama uliogusa sufuria ya moto.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Parmuat, wa Isinya."

"Na Parmuat ndiye alikufundisha kuhesabu ng'ombe ya watu?"

Hakungoja jibu. Alipiga mluzi, akaenda zake na kundi lake. Mutinda aliyekuwa kwenye ngazi akifuta kamera alicheka hadi nikamwambia ashuke kabla hajaanguka. Nilitamani lami inimeze. Mimi, msichana niliyezaliwa bomani, nimemuuliza mzee idadi ya mifugo yake hadharani! Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Kuhesabu ni kualika hasara. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na nikalisahau kwa sababu ya kompyuta.

Nilikaa kwenye gari nikijikasirikia. Nikamkumbuka baba akisimama langoni jioni, ng'ombe wakiingia. Hakuwahi kuhesabu hata mmoja. Aliwatazama tu sura na rangi, kisha ghafla angesema, "Yule wa pembe moja yuko wapi?" Na kweli, yule wa pembe moja hayupo! Lango halikufungwa hadi apatikane.

Niliruka kitini nikagonga kichwa kwenye paa la gari.

"Mutinda! Tunahesabu nini sisi? Hatuhitaji kujua ni ngapi. Tunahitaji kujua kama zimeisha!"

"Na nani atajua zimeisha?"

"Mtu wa nyuma!"

Siku mbili hatukupumzika. Tulitoa hesabu yote kwenye programu, tukafunga kitufe cha pili kwenye nguzo ya ng'ambo. Mchungaji wa mbele anafunga barabara, anayefuata nyuma anaifungua. Jumatano nilienda bomani kwa Mzee Metito na sukari na majani ya chai, nikaomba msamaha, nikamweleza. Alisikiliza akikoroga chai yake muda mrefu.

"Hii kitu yako itaniamini?"

"Usipobonyeza, haitafungua."

Akaitikia kwa kichwa.

Alhamisi Madam Makena alifika saa tatu kamili. Nilikuwa na kompyuta kwenye boneti ya gari, na kitufe kimoja cha dharura ambacho kingefungua barabara papo hapo. Mchungaji wa mbele alibonyeza, magari yakasimama, ng'ombe wakaingia barabarani. Walivuka vizuri! Vumbi, kengele, mluzi, wote wakipita mbele ya magari yaliyotulia. Nilitaka kupiga makofi. Nyuma yao akaja Mzee Metito, akafika nguzo ya pili, akageuka.

Hakubonyeza.

Alisimama akitazama kundi lake. Barabara ilikuwa tupu. Trela la kwanza likapiga honi, kisha la pili, kisha foleni nzima.

"Amesahau," alisema Madam Makena. "Fungua."

"Madam, bado."

"Bado nini? Barabara iko empty, ata kamera yako inasema iko empty! Fungua ama naandika imefeli."

Kidole changu kilikuwa juu ya kile kitufe cha dharura. Sitajifanya shujaa: nilikaribia sana kubonyeza. Mutinda alininong'oneza, "Nashipae, tutapoteza yote." Nilimtazama mzee. Alikuwa anawapitia ng'ombe wake mmoja mmoja, kama baba pale langoni, wala hakuwa na haraka.

"Mzee hajabonyeza," nilisema, nikaondoa mkono.

Madam Makena alifungua faili na kutoa kalamu.

Mzee Metito akapiga mluzi mrefu. Kutoka mtaroni, nyuma ya vichaka upande tuliosimama, akachomoka mtamba mwenye kichwa cheupe. Alipoona wenzake wako ng'ambo alikata mbio bila kutazama kushoto wala kulia, akapita mbele kabisa ya trela la kwanza, akajitosa kundini. Honi zote zilinyamaza. Mzee akamtazama, akanyoosha mkono, akabonyeza. Taa ikawa kijani.

Nilipiga kelele nikamkumbatia Mutinda, helmeti ikaanguka, sikujali. Magari yalipita, dereva wa trela la kwanza akampungia mzee mkono.

Madam Makena alikuwa bado ameshika kalamu juu ya fomu yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hapa kuna mahali pa idadi. Ng'ombe zimevuka ngapi?"

Nilimtazama Mzee Metito akipotea malishoni nyuma ya kundi lake.

"Andika zote."