Kikwembe ya Kanyere mu Barabara ya Kalunguta

Mwaka wa 2000, wakati mouvement moja yenye bunduki ilikuwa inatawala Butembo, mie njo nilikuwa nachagulia mukubwa wao maneno ya kuambia batu. Nilisoma mpaka quatrième primaire tu, darasa ya ine, lakini niliuzisha maharagi mu soko ya Kirumba miaka kumi na mbili, na masikio yangu ilijua kilio ya bamama. Kile balikuwa banalia posho hii, ni kusema juma hii, mukubwa anakisema mu mitingi posho yenye kufwata, na batu banapiga mikono. Ku bureau balinipatia meza yangu.

Kilio kubwa ilikuwa barrière ya Kalunguta, kizuizi ya baaskari mu njia: kila mama mwenye kupita anaachia basoda kitunga ya maharagi. Nikaambia mukubwa aahidi kuiondoa. Mu motokari akacheka, akasema ile barrière njo inalisha basoda, haitaondoka; lakini maneno ni mazuri, tutaisema. Nikaiandika mu maneno yake ya mitingi.

Kalunguta batu balikuwa na mashaka na ile ahadi. Njo nikawaza desturi yetu ya kutandika bikwembe, bitambaa yetu ya kujifunga, mu njia ya bibi arusi ao askofu. Mugeni anavua viatu, anapita juu yake pole pole. Nikaenda kwa Kanyere, rafiki yangu wa chorale, juu ya vile bamama bengine balikuwa banamufwata. Nikamuomba atandike kikwembe ya ndoa yake, ya manjano, yenye kuchorwa kuku na bana yake.

"Kyakimwa, hii barrière itaondoka kweli?"

"Itaondoka. Nilisikia mu kinywa yake mwenyewe."

Siku mukubwa alikuja, akatandika wa kwanza. Bamama makumi mbili bakafwata. Mvua ilikuwa imenyesha, na mukubwa hakutaka matope. Motokari ikapita juu ya bikwembe yote. Hakuna mama mwenye kupiga kigelegele. Mie nilikuwa ndani, kiti ya nyuma.

Barrière ilibakia. Kanyere naye aliachaga maharagi yake pale, miaka tatu.

Sasa tumezeeka. Kila siku ya Mungu, Jumapili, Kanyere anavaa ile kikwembe ku misa, alama ya pneu ya ile motokari iko juu ya kuku. Posho yenye kupita, pale ku mulango ya kanisa, nikamuomba anipatie nimufulie.

"Hapana kufula," akasema. "Niambie tu. Ile siku ulikuwa unajua?"

Batu balikuwa banatoka, banatupita. Maneno yangu ya kazi yote ikanikujia: ilikuwa vita, ni mukubwa alisema, mie nilikuwa wa kutumwa tu. Nikaangalia ile alama.

"Nilikuwa najua."

Akajifunga kikwembe yake vizuri, akashuka ngazi peke yake. Ile ngazi tulikuwa tunashukaga tunashikana mikono.